Kava Iliyokwenda Posani

Mikono yangu inafaa kushika kalamu na kufunua kurasa. Kitu kingine chochote hukishika kwa muda tu, kisha hukiachia. Mke wangu husema Mungu alinipa vidole vyote, ila alisahau kuvikaza. Vikombe vyetu vya nyumbani havifanani hata viwili, na mgeni akipewa chai huonyeshwa kwanza upande usio na ufa.

Walioumia zaidi ni simu. Moja ilizama kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Nyingine niliiachia mbele ya ghala la kiwanda kimoja cha sabuni kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ninakokwenda mara kwa mara kuwasahihishia maandishi ya kwenye karatasi za sabuni, kazi ambayo chuo kikuu hakikunionya kuwa ingenifikia. Lori lilikuwa likirudi nyuma. Liliikanyaga simu polepole, kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Mlinzi wa lango akaiokota, akaniletea vipande kwa mikono miwili.

"Pole sana, professeur," aliniambia. "Ameacha watoto?"

Mimi si profesa, lakini mtu anayevaa miwani na kudondosha vitu hupewa cheo hicho bure mjini kwetu.

Nilipopata simu nyingine, mke wangu aliweka sharti moja: haitoki nje ya nyumba mpaka ivalishwe. Basi nikaenda mjini kwa mzee mmoja wa Buyenzi, Mwislamu wa familia zile za zamani za Bujumbura, anayeuza kava, chaja na vioo vya simu katika chumba kisichozidi kabati. Nilimweleza historia yangu. Alinisikiliza kama daktari, akainama chini ya meza, akatoa kitu cheusi kinene.

"Mi siuzi kava, mwalimu," alisema. "Nauza usingizi."

Akachukua simu yake mwenyewe, iliyokuwa imevaa kava kama ile, akaitupa kwenye saruji ya barazani. Ikaruka kama chura, ikalala. Hakuiangalia hata kidogo. Aliendelea kunywa chai.

"Tupa na we."

"Apana, muzee. Nimekuamini."

"Kuamini ni kwa musikiti na kwa kanisa. Hapa ni duka. Tupa."

Nikaiokota simu yake, nikaitupa. Sikuipata saruji. Nilipata birika lake la chai, likapinduka na kumwaga kila kilichokuwamo. Mzee aliliangalia birika, akaniangalia mimi, akaokota simu yake na kuifuta kwa kanzu.

"Umeona?" alisema. "Kava iko nzima."

Nikanunua. Ningefanya nini kingine?

Sijui kama umewahi kuishi na kitu cha namna ile. Kilikuwa na mifereji kama tairi la trekta, na kwenye kila pembe kinundu cha mpira. Kila tundu la simu lilikuwa na kizibo chake, hata ukitaka kuchaji unaanza kwanza kwa kung'oa jino. Nyuma kulikuwa na kiguu cha chuma, ukikivuta simu inasimama yenyewe juu ya meza, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Kuivalisha kulitaka wawili: mimi nishike na mke wangu akaze, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Maisha yangu yalibadilika. Suruali zangu zote zikaanza kuteremka upande wa kulia. Jirani yangu wa Gasenyi, mtaa tunakokaa, aliyenizoea kwa miaka, aliona kile kitu kimetuna mfukoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata kazi ya ulinzi. Walionipigia walidai sauti yangu inatoka ndani ya chungu, na simu ilipoita haikulia tena. Iliguna, kwa uzito, kama mnyama aliyelala vibaya. "Simu imevaa koti," mke wangu alisema, "na we unabaki na suruali ya kupasuka."

Lakini haikuvunjika. Niliidondosha kwenye ngazi za ofisi, nikaidondosha kanisani wakati wa sala ya kimya, nikaidondosha kutoka kwenye dirisha la ghorofa nikiwa naonyesha ziwa kwa mgeni. Kila mara niliiokota ikiwa na uso uleule. Nilianza kudondosha kwa kujiamini, na hilo ndilo lililoniponza, maana mtu mzembe akipewa ngao huacha hata uangalifu mdogo aliokuwa nao.

Wakati huo mtoto wa kaka yangu, ambaye baba yake alifariki na kwa hiyo kwetu ni mtoto wangu, alikuwa amempata msichana wa mtaa wa Ngagara. Nasema amempata, lakini kwetu msichana hapatikani kwa mvulana kumpenda tu. Hupatikana kwa maneno, na maneno hayo hayasemwi na mvulana. Husemwa na msemaji wa familia yake, mbele ya msemaji wa familia ya msichana, watu wote wakiwa wamekaa na kusikiliza nani kamshinda nani. Bwana harusi mwenyewe hukaa kimya na kutoa jasho.

Msichana huyo alikuwa amelelewa na bibi yake. Bibi alizaliwa mjini humuhumu na Kiswahili ndicho kilichomkuza, na katika nyumba ile neno lake lilikuwa la mwisho. Ziara ya kwanza ya kujitambulisha, ambayo sisi huiita kushika lango, ilikuwa imeharibika. Msemaji wetu alikuwa mjomba wa kijana, mtu mwenye shughuli nyingi. Alizungumza Kifaransa kirefu, na katikati ya maneno ya bibi akaangalia saa yake ya mkononi. Bibi akayakatiza maneno yake, akasema: "Muende. Mutarudi siku mukiwa na wakati." Tangu siku ile kijana wangu alikuwa amekonda. Alikuja nyumbani Gasenyi, akakaa mbele yangu bila kugusa chakula.

"Baba mudogo, mara hii useme we."

"Mi ni mutu wa kuandika."

"Basi andika halafu useme. Bibi akikataa tena, apana mara ya tatu. Amemwambia hivyo mujukuu wake."

Nikakubali. Nikaandika hotuba kwa wiki nzima, ndani ya simu, nikaijaza methali na sifa za ng'ombe. Hotuba ilipendeza sana. Kasoro yake ilikuwa moja: haikukaa kichwani. Nilipomwambia mke wangu kwamba nitachungulia kidogo, aliweka mwiko chini.

"Musemaji anayesoma," alisema, "ni kama mutu anayekuja kuomba muke na kitambulisho ya jirani."

Nilimjibu kwamba hakuna atakayejua. Nilikuwa na mpango.

Siku ikafika. Uani kwao Ngagara palikuwa na hema, viti vyao upande huu na vyetu upande ule, vikitazamana, na katikati nafasi kama ya uwanja. Msichana na bibi walikuwa ndani, nyuma ya mlango wenye pazia la maua, kama desturi inavyotaka. Wao husikia tu, hawaonekani mpaka jambo liishe. Msemaji wao alikuwa mtumishi wa serikali aliyestaafu, mtu mnene mwenye macho ya kucheka, aliyekaa kama anayesubiri chakula akipendacho. Chakula chenyewe nilikuwa mimi.

Katikati, juu ya kigoda, tuliweka sinia la zawadi: blanketi la bibi, vitenge vilivyokunjwa vizuri, na bahasha, maana ng'ombe wa mahari siku hizi huja mjini ndani ya bahasha. Hapo ndipo mpango wangu ulipofanya kazi. Nilijifanya napanga vitenge, nikavuta kile kiguu cha chuma, nikaisimamisha simu katikati ya vitambaa, uso wake kwangu na mgongo wake kwao. Wao waliona kitu cheusi chenye mifereji. Mimi niliona hotuba yangu yote, ikipanda yenyewe mstari kwa mstari, kwa maandishi makubwa.

Nilisema vizuri. Niseme tu ukweli, nilisema vizuri ajabu. Nilisimama huku mikono nimeikunja tumboni, macho nimeyateremsha kwenye zawadi kwa unyenyekevu, na methali zikatoka moja baada ya nyingine bila kukwama. Msemaji wao alijaribu kunitega kwa mitego ile ya desturi, niliyokwisha kuiandikia majibu. Alisema hapa kwao hakuna msichana, labda tumekosea nyumba. Nikamjibu kwamba moshi hauonekani penye jiko lisilo na mtu. Alisema njia ya Gasenyi ni mbali, msichana atachoka. Nikamjibu kwamba aliyefuata maji hauulizi mtungi kama umechoka. Wanaume wa upande wao wakaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana wangu akarudiwa na rangi.

Nilipomaliza nikainama, nikapewa bia ya mtama, nikanywa funda moja nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, wasichana waliovaa sare walikuwa wameshainua sinia. Mmoja alilibeba kichwani na wengine walimfuata wakiimba. Simu yangu ilikuwa bado imesimama kati ya vitenge, kifua mbele, kama dereva wa gari lile. Ikapita chini ya pazia, ikaingia ndani.

Kwa msomaji ambaye hajaoa kwetu, ni lazima nieleze ukubwa wa balaa hili. Mahari kwetu hairudishwi ila ndoa inapovunjika. Kilichoingia nyuma ya lile pazia kimeingia. Msemaji akisimama na kusema, "Samahani, kuna kitu pale naomba mnirudishie," hata kama ni kijiti cha meno, amelitamka neno la kuachana kabla watu hawajaoana. Na neno hilo lingetamkwa mbele ya bibi aliyewahi kufukuza watu kwa sababu ya saa ya mkononi.

Kijana wangu aliniegemea.

"Baba mudogo, simu yako iko wapi?"

"Imeenda kuposa."

"Usiiombe."

"Siiombi."

"Baba mudogo, nakujua."

"Nimesema siiombi. Kunywa soda yako."

Msemaji wao akatangaza kwamba zawadi zimepokewa, kwamba bibi anazitazama, na kwamba tutasikia jibu lake akiridhika. Tukasubiri. Nilitabasamu kama mtu asiye na simu wala shida. Upande wa wanawake mke wangu alikuwa ananikodolea macho. Baada ya miaka yote hii anausoma uso wangu kama ubao wa matangazo: aliangalia mkono wangu mtupu, akaangalia mfuko wangu usioteremka, akaangalia pazia. Nikaona ametoa simu yake kwenye mkoba. Alitaka tu kuwa na hakika, alinieleza baadaye. Nilimpungia mkono kwa siri asifanye. Akadhani namsalimu.

Nyuma ya pazia kitu kikaguna.

Kiliguna tena, kwa uzito, kwa huzuni, kutoka ndani ya mpira na vitenge. Msemaji wao aligeuza kichwa chake kwenye mlango, akakirudisha kwangu taratibu, na macho yake yakawaka.

"Wakwe zetu," alisema. "Zawadi yenu inalia."

Sikuwa na maandishi mbele yangu. Nilisimama kwa sababu kila mtu alinitazama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ng'ombe mgeni hulia siku ya kwanza," nilisema. "Atazoea."

Walicheka mpaka viti vikasogea. Lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyotoa siku ile, na nilikaa chini nikiwa najivuna, mpaka nilipomwona mke wangu amejifunika uso kwa ncha ya kitenge chake. Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeiita simu yangu ng'ombe, hadharani, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Kabla ya pale ilikuwa simu iliyopotea. Sasa ilikuwa mahari.

Ikaguna tena. Safari hii sauti kavu ya mwanamke mzee ikatoka nyuma ya pazia, na hakuna aliyecheka.

"We musemaji. Ng'ombe yenu inalia nini? Iko na njaa, ama imeacha mutoto?"

Kijana wangu alinishika goti. Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri kwenye mtihani wowote. Nikisema ina njaa, tumeleta ng'ombe asiyelishwa, na huyo ni mkwe gani. Nikisema imeacha ndama, tumempa bibi mama na kumficha mtoto, na huo ni wizi.

"Bibi," nilisema, "ile ng'ombe iko na mimba."

Ng'ombe mwenye mimba ndiye zawadi kubwa kuliko zote. Wazee wa upande wao wakapiga makofi polepole. Nyuma ya pazia tukasikia mambo ya ajabu: mtu anakazana, kitu kinavutwa, kinateleza, kinagonga ukuta, na kicheko cha msichana kinachozuiwa kwa kiganja. Msemaji wao hakuwa anaelewa zaidi yetu. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mwenzake.

Yule msichana alinisimulia baadaye yaliyotokea mle. Simu ilipoita aliiona picha ya kwenye kioo, mimi na kijana wangu tunakula ndizi na samaki, akajua mara moja ni ya nani na imefikaje. Akamwambia bibi yake, kwa hofu, kwamba huyu mzee amejisahau, tafadhali asikasirike, wairudishe kimyakimya. Bibi alikuwa ameishika mkononi muda wote huo, akiipima uzito, akipitisha kidole kwenye ile mifereji.

"Simu wachukue," alimjibu. "Lakini hii nguo yake naitaka."

Tena hakutaka kuiomba, maana na yeye alikuwa na heshima zake za kulinda. Ndipo akauliza lile swali, na jibu langu la kipuuzi likampa njia.

Pazia likafunguka. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mkubwa. Alikuwa kikongwe mdogo, mwenye miguu mitupu na kitambaa cheupe kichwani, na kila mtu alisimama. Mkono wake wa kushoto ulishika kava, tupu, imefunuka kama ganda la njugu. Wa kulia ulishika simu yangu, nyembamba, uchi, iking'aa kwa namna iliyonitia aibu.

"Imezaa," alisema.

Akaacha watu wacheke mpaka watosheke, akaendelea.

"Mama yake inabaki kwangu. Mutoto nawapa nyinyi, vile desturi inasema. Mutu akikupa ng'ombe, unamurudishia ndama, urafiki isikatike. Wengine wanangoja miaka. Mi na huu uzee sina miaka ya kungoja."

Akaninyooshea simu. Nilikwenda kuipokea kwa mikono yote miwili, na aliirudisha nyuma kidogo.

"Ng'ombe hapokewi kimya. Musifu."

Hilo nalo ni kweli. Ng'ombe kwetu husifiwa anapopokewa, kwa maneno marefu yenye mwendo, na wapo watu waliozaliwa na kipaji hicho. Mimi nilikuwa na sifa za ng'ombe nilizonakili, nzuri kabisa, na zote zilikuwa ndani ya ndama. Nilikohoa. Nikamwangalia mke wangu, naye akanitikisia kichwa kwa maana ya anza.

Nikamsifu ndama mweusi mwenye paji la kioo, asiyekula majani wala chumvi, anayelishwa umeme na siku umeme usipokuwapo analala. Nikamsifu kwa kuijua njia ya Gasenyi na ya Ngagara na bado kupotea mkononi mwa mwenyewe. Nikasema ametoka kwenye tumbo gumu kuliko tairi na hakulia, amezaliwa na majina ya watu wote ninaowapenda na hakumsahau hata mmoja. Nikasema mama yake alianguka kwenye ngazi, akaanguka kanisani, akaanguka kutoka ghorofani, na hakumdondosha mtoto aliyekuwa tumboni. Hapo wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele. Sikujua nimesema nini mpaka nilipokaa, na sijaweza kuandika kitu kama kile tangu siku ile, ingawa nimejaribu mezani, kwa utulivu, na kalamu nzuri.

Bibi alinipa simu. Kisha akatoa miwani yake kwenye mfuko wa sketi, akaiweka ndani ya kava, na juu yake tasbihi, akaifunga kwa kuibana kwenye nyonga. Iliitikia kwa mlio mdogo wa kuridhisha.

"Mara ya kwanza walileta mutu wa saa," alimwambia msemaji wao, kana kwamba sisi hatupo. "Leo wameleta mutu wa maneno. Lakini si yeye anaoa."

Msemaji wao alikubali kwamba si mimi.

"Mutoto wetu atoke," bibi akaamuru.

Msichana akatoka nyuma ya pazia, macho chini kama inavyotakiwa, midomo ikimcheza kama isivyotakiwa. Bibi akamweka upande wake mmoja, kisha akamwita kijana wangu kwa kidole.

"We. Kuja hapa nikuone bila baba yako mudogo."

Kijana alikwenda. Alisimama mbele ya yule kikongwe, mrefu mara mbili yake, shati limemganda mgongoni.

"Baba yako mudogo amesema mengi. Na we unasema nini?"

Niliona anatafuta. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nilikuwa tayari kuinuka nimsaidie. Mke wangu, kutoka mbali, alinionyesha kiti changu kwa kidevu. Kijana hakusema kitu. Alimtazama tu msichana, jasho likimtiririka, na msichana hakuweza tena kujizuia, akaangua kicheko, akaanza kumweleza bibi yake kwa kasi kwamba huyu yuko hivihivi, kwamba hata siku ya kumwambia anampenda alizunguka nyumba mpaka mbwa wa jirani akamzoea, kwamba ilibidi amalizie sentensi yeye, na kwamba asimuulize mambo mengi mbele za watu.

Bibi alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho. Kisha akauchukua mkono wa kijana, akautia ndani ya mkono wa msichana.

"Huyu ndiye namutaka," alisema. "Musemaji mumoja mu nyumba anatosha."